Rolakosta ndogo ya chuma kwenye maonyesho: nikague nini kabla ya watoto kupanda?

MwalimuNyalenda
Habari zenu wadau. Kuna rolakosta ya kuhamishika inafungwa kwenye uwanja wa maonyesho hapa Kisumu. Mnara ni kama mita 10, reli ni za mabomba ya chuma, vigari ni vya watu wanne, na kila kiti cha wawili kina chuma kimoja cha mapajani. Kona za juu zimelala bapa, hazijainamishwa. Nina wanafunzi 32 wa miaka 11 na 12, pamoja na walimu wanne. Mtu asiye fundi anaweza kuona nini akiwa kwenye foleni? Stima ikipotea kigari kikiwa kinapanda, kitarudi nyuma? Na tuwakalishe vipi?

FundiBoriti
Mwalimu, anza na ardhi. Mtambo wa kuhamishika hauna msingi wa zege. Miguu yake hukaa kwenye mabamba ya chuma juu ya vipande vya mbao. Tambarare ya Kano, kuanzia Nyamasaria hadi Ahero, ina udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mguu mmoja ukititia, reli inajipinda kwenye maungio na magurudumu ya pembeni yanabana upande mmoja. Chuchumaa utazame: mbao ziwe zimelala sawa, maji yasiwe yametuama, na usione mwanga ukipenya kati ya bamba na mbao. Kigari kikipita, nguzo kuyumba kidogo ni kawaida. Mbao zikicheza chini ya mguu, ondoa watoto kwenye foleni.

Kisha sogea karibu na maungio ya reli, pale mnapoweza kufika bila kuvuka uzio. Fundi makini akishakaza nati huchora mstari wa rangi unaopita juu ya nati, bolti na bamba. Mstari ukiwa mmoja, nati haijasogea. Ukivunjika, nati imezunguka. Penye pini, tafuta kipini kidogo cha kuifungia kwenye tundu lake. Msumari uliopindwa haufai kabisa. Tazama na mishono ya kuchomelea: mchirizi mwembamba wa kutu unaotoka kwenye mshono, hasa mahali ambapo rangi bado ni nzima, unaweza kuwa dalili ya ufa.

Kigari kikipanda juu ya kichwa chako utayaona magurudumu: ya juu ya reli hubeba uzito, ya pembeni huongoza, na ya chini huzuia kigari kuinuka. Yale ya chini kutozunguka wakati wote si kasoro, kwa kuwa huachiwa nafasi ndogo. Raba iliyomeguka au beringi inayosaga, hiyo ni kasoro.

OperetaNakuru
Kuhusu stima: kwenye mtambo ulio sawa, hakirudi. Kigari hakina injini. Cheni inakivuta hadi kileleni, kisha uzito wake unakipeleka. Kutoka mita 10 hakiwezi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Kikipanda, ulimi wa chuma chini yake unaruka meno ya chuma yaliyopangwa kando ya cheni, jino baada ya jino, na huo ndio mlio wa ka-ka-ka mnaousikia. Stima ikikatika, kinashuka pengo la jino moja tu na kukaa hapo.

Kilichokwisha kupita kilele kinaendelea hadi breki inayofuata. Breki za upepo kwenye mitambo hii kwa kawaida hubanwa na springi na kufunguliwa na upepo wa kompresa, kwa hiyo upepo ukiisha zinabana zenyewe. Hatari huanza abiria anapojaribu kujichomoa. Waambie watoto mapema: kikisimama, mgongo kwenye kiti, mikono ndani, mpaka opereta apande ngazi ya kando na kufungua chuma kwa mkono. Kabla ya kulipa muulize, "Stima ikizima unawashushaje?" Anayeijua kazi atakuonyesha ngazi na kifaa chake papo hapo.

DadaKondele
Kukaa ndiko kunakosahauliwa, na mimi ningekuwa mkali hapo kuliko mahali pengine. Chuma kimoja cha wawili husimama kwenye paja la aliye mnene. Mwalimu wa kilo 90 akikaa na mtoto wa kilo 32, mtoto anabaki na pengo la kuteleza na kutoka. Kalisha wanaolingana maumbo, walimu wapande pamoja. Kipimo cha urefu langoni msikidanganye kwa viatu vya soli nene. Kipo ili nyonga za mtoto zikae vizuri chini ya chuma.

Kona bapa zina nguvu kuliko zinavyoonekana. Kigari kikiingia kwa kilomita 20 kwa saa kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 3, kila mtu anasukumwa ubavuni kwa nguvu inayokaribia uzito wake mwenyewe. Pua ya kigari pia hutangulia magurudumu, hivyo wa mbele huona kama wanatoka nje ya reli. Waoga wakae nyuma. Wote watazame reli inakoelekea, shingo wima, tumbo limekazwa.

MwalimuNyalenda
Asanteni sana. Na mvua?

OperetaNakuru
Nendeni asubuhi, maana ngurumo za Kisumu hupenda alasiri. Breki za msuguano zikilowa huteleza na kigari kinapitiliza mahali pa kusimama. Baada ya mvua vigari vitupu vizungushwe kwanza, na radi ikisikika mtambo ufungwe. Huku Nakuru shida ni baridi ya asubuhi: grisi nzito, raba ngumu, kigari chepesi kinaweza kuishiwa mwendo njiani. Ndiyo maana mizunguko ya kwanza hubeba mifuko ya mchanga.

DadaKondele
Mwalimu mmoja abaki chini na kofia, simu, miwani na ndala zote. Leso na mitandio ifungwe ncha na kuingizwa ndani ya nguo, isije ikafika kwenye magurudumu.