Asilimia 35 ya nyimbo za Kanada redioni: bendi ndogo za roki zinafaidika au wakubwa tu?

MLETA MADA:
Wakuu habarini. Naishi Toronto mwaka wa tisa sasa na hard rock ndo ulevi wangu, kila wiki natafuta albamu mpya za bendi ambazo hata jirani yangu mzaliwa wa hapa hazijui, sasa kuna jambo linanikera naomba tulijadili. Huku tangu 1971 redio zinalazimishwa kupiga nyimbo za nyumbani, ilianza asilimia 30, mwaka 1999 redio za biashara zikapandishiwa hadi 35. Nia ni nzuri kabisa. Lakini redio za roki ninazosikiliza mimi hiyo 35 wanaijaza na walewale, Rush, Tragically Hip, Nickelback, Bryan Adams. Wimbo wa 1984 unahesabika sawasawa na wa kijana aliyerekodi mwezi jana kwenye besimenti ya mama yake!

Na hiyo hesabu yenyewe ina maajabu. Wanaangalia vitu vinne: nani katunga muziki, nani anaimba, imerekodiwa wapi, nani kaandika maneno, viwili vikiwa vya Kanada wimbo umepita. Mwaka 1991 nyimbo za Bryan Adams zikakwama kisa katunga pamoja na Mutt Lange, yule prodyuza aliyezaliwa Mufulira, Zambia. Watu walikasirika mpaka kanuni ikaja kulegezwa.

Halafu Rush wenyewe, 1974 sheria ina miaka mitatu tayari, albamu yao ya kwanza wametoa kwa lebo yao wenyewe, nani kawatoa? Donna Halper, mtangazaji wa WMMS kule Cleveland, Marekani! Kaskiliza, kapenda, kapiga, simu zikaanza kumiminika. Mimi nasema kinachoiokoa bendi changa ni mtu mwenye masikio, asilimia hazina masikio.

MCHANGIAJI 1:
Mkuu hapo kwa Halper nakuelewa ila unaitupa sheria haraka mno. Bila sheria redio za huku zingemeza kila kitu cha Marekani, ndo ilivyokuwa kabla ya 1971. Na usisahau hela. FACTOR, mfuko wa kusaidia muziki wa hapa, ipo tangu 1982, inachangiwa na redio pamoja na serikali, inasaidia wasanii kurekodi na kwenda ziara. We unajua Toronto mpaka Vancouver kwa barabara ni kilomita kama 4,400? Bendi ya watu wanne na van mbovu, mafuta tu yanawamaliza kabla hawajafika Winnipeg. 2024 CRTC, mamlaka ya utangazaji ya Kanada, wakaagiza kampuni kubwa za striming zichangie asilimia 5 ya mapato ya hapa, zikakimbilia mahakamani. Kama hela hizo hazina maana wanazipigania nini?

MLETA MADA:
Kwenye hela nakubaliana na wewe ndugu yangu, tena ziongezwe. Ninachopinga ni kuhesabu nyimbo, na naogopa hesabu hiyohiyo ihamie kwenye striming, maana Spotify tangu 2024 wimbo usiposikilizwa mara 1,000 kwa mwaka haulipwi kitu, sasa bendi ya Sudbury au Moncton inafikaje huko kama kinachosukumwa mbele ni majina yaleyale? Mimi bendi za Skull Fist na Cauldron, wote wa hapahapa Toronto, sikuwapata redio kubwa hata siku moja. Niliwapata kwa kuingia Bandcamp, tovuti ambayo bendi zinauza muziki wao zenyewe, na kutafuta kwa mji, unaandika Hamilton, unaandika Halifax, unasikiliza moja baada ya nyingine mpaka saa nane usiku, na redio za vyuo ambako mtangazaji anajitolea bure na anapiga anachokipenda. Hizo redio ndo zipewe hela.

MCHANGIAJI 2:
Bendi ya metali Voivod walianza 1982 Jonquière, Quebec, Juno, tuzo ya muziki ya Kanada, wamepewa 2019. Miaka 37 wakuu. Muda wote huo waliowabeba ni mashabiki waliokuwa wananunua tisheti na kaseti.

MCHANGIAJI 1:
Sawa, ila hiyo redio ya chuo inasikika umbali gani? Mtu wa Thunder Bay asiye na muda wa kukesha Bandcamp atawasikia wapi?

MLETA MADA:
Hilo swali zuri na sina jibu kamili. Ningependa angalau ile 35 igawanywe, fungu moja liwe la albamu zisizozidi mwaka mmoja na bendi ambazo hazina lebo kubwa. Walioko Montreal na Edmonton mnasemaje, kwenu redio zikoje?