Mwanangu yuataka kuwa balozi. Kazi yenyewe i vipi, na mtu wa Pwani huingiaje?

Mama wa Kibokoni

Assalaam aleikum jamani. Nauliza kwa nia safi, naomba nijibiwe vivyo hivyo. Binti yangu yuko mwaka wa tatu chuoni, asoma uhusiano wa kimataifa. Juzi alfajiri tukikanda unga wa mahamri akaniambia: mama, mimi nataka kuingia ubalozi, nianze chini nipande mpaka niwe balozi mwenyewe. Babake yuafanya kazi bandarini, mimi nauza mahamri na mbaazi. Nairobi hatuna jamaa. Mjombake amemvunja moyo kabisa, amwambia zile ni nafasi za watoto wa wakubwa na wanasiasa walioanguka kura.

Mimi balozi namuona kwenye runinga tu, apeana mikono na rais, basi. Siku nyingine hufanya nini? Yaani akitoka nyumbani asubuhi aenda kufanya nini? Na msichana wa Mji wa Kale, avaaye buibui, njia yake ni ipi?

Likoni Kivukoni

Bi, mjomba hakusema uongo wote. Katiba ya 2010, kifungu cha 132, inampa Rais kuteua mabalozi baada ya Bunge la Taifa kuwaidhinisha. Haisemi lazima awe amepanda ngazi, ndiyo maana wanasiasa hawakosi. Lakini chini ya balozi kuna watumishi wa kazi hiyo hasa. Huajiriwa nafasi zikitangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma, na tangu 2021 wana sheria yao wenyewe. Hupanda kutoka Katibu wa Tatu, wa Pili, wa Kwanza, Mshauri, na kuendelea. Wapo wanaofika juu. Aombe, ila ajue mapema.

Mstaafu wa Tudor

Waaleikum salaam dadangu. Nimefanya kazi hiyo miaka 29, vituo vinne, nikastaafu nikiwa Mshauri. Balozi sikuwa, ila mara tatu nilikaimu nafasi ya balozi, mkuu wangu alipokuwa hayupo, kwa hiyo meza ile naijua.

Umeuliza asubuhi aenda kufanya nini. Aenda kuandika. Barua ya ubalozi kwenda wizara ya nchi mwenyeji haisemi "mimi" wala "sisi". Huanza hivi: Ubalozi wa Jamhuri ya Kenya unatoa salamu zake kwa Wizara ya Mambo ya Nje, na una heshima ya kueleza kwamba... Haitiwi sahihi. Hupigwa muhuri, na afisa huweka herufi za mwanzo za jina lake tu. Barua yangu ya kwanza nilirudishiwa mara tano. Mara ya tano kosa lilikuwa neno moja: nilikuwa nimeandika kwamba ubalozi "unadai", mkubwa wangu akataka "utashukuru". Nilikasirika siku ile. Baadaye nilikuja kuona nchi imekataa jambo dogo kwa sababu ya neno kama hilo, na nikamkumbuka mzee yule.

Sasa nikueleze kisa kimoja. Nilikuwa Katibu wa Tatu, nchi moja ya Ghuba, Ijumaa mchana. Simu ikalia: kuna msichana wa Kwale yuko kituo cha polisi. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, ametoroka, pasipoti imeshikwa na mwajiri, naye ameshtakiwa wizi. Mkataba wa Vienna wa 1963, ule wa mambo ya kibalozi, kifungu cha 36, unampa afisa haki ya kumtembelea raia wake aliyezuiliwa. Nikaenda na nakala mfukoni. Nilimkuta amekaa sakafuni na mfuko wa nailoni, ndani mna leso moja na kandambili. Nikamsalimia kwa Kiswahili. Akaniuliza, "Wewe ni wa wapi?" Nikamwambia mimi ni wa Kuze, Mombasa. Akalia mpaka askari akatoka nje.

Mimi sikuwa na uwezo wa kumtoa. Aliyemtoa ni balozi wetu, mtu aliyepanda kutoka Katibu wa Tatu kama mimi. Alimpigia simu nyumbani mkubwa mmoja wa wizara ya nchi ile, kwa kuwa miaka ya nyuma walikuwa wote makatibu katika mji mmoja wa Ulaya, watoto wao wakisoma darasa moja. Hakumwomba avunje sheria. Alimwomba faili isomwe wiki ile, isingoje. Ikasomwa, mashtaka yakaonekana hayana mguu, tukamwandikia hati ya dharura ya kusafiria. Siku ya 11 alipanda ndege. Sasa niambie, aliyeteuliwa jana kutoka kwenye siasa angempata wapi mtu yule Ijumaa jioni? Hiyo ndiyo tofauti, dadangu. Mtumishi wa kazi hii huwa anaweka akiba ya watu miaka 20, bila kujua ni siku gani ataitoa.

Hata balozi akishateuliwa, haendi tu. Jina lake hupelekwa kimyakimya kwa nchi mwenyeji iridhie, na Mkataba wa Vienna wa 1961 unasema nchi hiyo ikikataa hailazimiki kutoa sababu. Ikiridhia, hubeba barua ya rais wake kwenda kwa mkuu wa nchi ile, ndiyo hati za utambulisho. Na kwenye safu ya mabalozi, wa mbele si wa nchi tajiri. Wa mbele ni aliyetangulia kuanza kazi pale. Nimeona balozi wa nchi ndogo akisimama mbele ya mataifa makubwa kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu mtu wa Pwani, msomeshe binti habari za Salim Ahmed Salim wa Zanzibar, mwambao huu huu wetu. Kazaliwa 1942, na 1964 akiwa na miaka 22 alikuwa balozi Cairo. Akaenda India, akaenda Uchina, kisha Umoja wa Mataifa miaka kumi mpaka akaongoza Baraza Kuu 1979. Mwaka 1981 aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marekani ikamzuia yeye kwa kura ya turufu, Uchina ikamzuia Waldheim wa Austria, aliyekuwa akishikilia kiti hicho, duru 16 za kura, mwishowe akapita Pérez de Cuéllar wa Peru. Kisha akawa Katibu Mkuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Addis Ababa, 1989 hadi 2001. Ila nisimdanganye binti: Salim hakuanza kwa kurudishiwa barua mara tano, nchi ilikuwa changa na watu wachache. Kwa subira atazame Bethuel Kiplagat wetu. Alituwakilisha Paris na London, na baadaye akaongoza mazungumzo ya amani ya Wasomali yaliyoanzia Eldoret 2002, yakahamia Mbagathi, Nairobi, yakaisha 2004. Karibu miaka miwili mezani na watu waliokuwa wakipigana!

Buibui halimzuii mtu. Kiarabu chake cha madrasa asikiache, mimi kilinibeba. Aongeze Kifaransa.

Mtoto wa Ubalozini

Naongeza upande wa watoto. Babangu alikuwa katika kazi hiyo. Nimesoma shule sita. Mama alipiga marufuku lugha nyingine mezani ila Kiswahili, lakini nikija Mombasa likizo binamu zangu wakinicheka nikitamka. Marafiki niliwaacha wote, kila baada ya miaka mitatu au minne. Bi, akiolewa, mume akubali hilo kabla ya posa, si baada.

Mama wa Kibokoni

Mzee wangu wa Tudor, Mungu akuweke. Nimemsomea yote, amekaa kimya. Ila nikuulize jambo moja kama mama. Wewe ilikugharimu nini?

Mstaafu wa Tudor

Mamangu alifariki nikiwa kituo cha tatu. Unajua kwetu maiti hailali. Alifariki Jumanne asubuhi, alasiri akazikwa, nami nilikuwa mbali, nusu ya dunia, safari ya ndege mbili. Nilifika Ijumaa. Kaburi lilikuwa limeshanyunyiziwa maji na kukauka. Nikasoma khitma na wenzangu, Jumatatu nikarudi kwa kuwa ujumbe wa mawaziri ulikuwa waja. Hilo sijalimaliza moyoni mpaka leo. Mwambie nalo.

Akiwa bado ataka, aandike barua moja ya ukurasa mmoja: ubalozi waiomba wizara iwaruhusu mabaharia wetu waliokwama kwenye meli washuke kutibiwa. Asitumie "mimi". Aiweke hapa nimsahihishie.

Mama wa Kibokoni

Ameshaanza, mzee. Ameketi na daftari karibu na jiko. Auliza tarehe huwekwa juu au chini?

Mstaafu wa Tudor

Chini, baada ya maneno ya mwisho. Na jina la wizara chini yake, upande wa kushoto.