Watoto wameongezeka, fedha ya uendeshaji iko palepale: kamati ya shule tuanzie wapi?

Mjumbe Mpya: Wakuu, habari za jioni. Nimechaguliwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku Kanda ya Ziwa. Darasa la kwanza wamefurika, dawati moja wanabanana wanne, wengine wako chini. Mwalimu mkuu amebandika ubaoni fedha zilizoingia, ni zilezile za mwaka jana, na wazazi washaanza kumwita mwizi. Sitaki kumhukumu mtu kabla sijaelewa. Hesabu hii inapigwaje, na wilaya inahusika vipi?

Chaki Nyeupe: Umefanya vizuri kuuliza, wengi huanza na matusi. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Hapo 4,000 inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, shuleni inafika 6,000, yaani mia tano kwa mwezi. Shule ya watoto 1,000 inapata laki tano, na humo kuna chaki, karatasi za mitihani, michezo na kitasa kilichovunjika. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, fedha hiyo inatoka Hazina na kuingia akaunti ya shule. Ukienda halmashauri kudai "hela yetu" watakutazama tu.

Mzee wa Rejesta: Kuna jambo wazazi hawalioni. Anayelipiwa ni mtoto aliyeko kwenye takwimu, siyo aliyeko darasani. Fomu za TSM, yaani takwimu za shule za msingi, hujazwa Machi. Aliyeandikishwa baada ya hapo, au aliyehamia bila uhamisho wake kukamilika kwenye PReM, ule mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi, chaki anamaliza ya kwenu lakini kwenye mfumo bado ni wa shule aliyotoka. Kaeni na mwalimu mkuu, fungueni rejesta za mahudhurio, linganisheni na mfumo darasa kwa darasa. Pengo likionekana, lipelekwe kwa maandishi kupitia afisa elimu kata. Na msiongeze hata jina moja! Uhakiki wa wanafunzi hewa wa 2016 uliwatoa jasho wengi.

Mama Diwani: Madawati na madarasa usiyatafute kwenye hiyo mia tano. Yale madarasa ya fedha za UVIKO-19 mwaka 2021 yalitengewa milioni 20 kila moja. Kwa laki tano kwa mwezi ni miezi 40 bila kununua hata kalamu. Hapo ndipo halmashauri inapoingia, kwa mapato ya ndani na miradi kama BOOST, ule wa kuboresha shule za awali na msingi. Mbaneni diwani wenu kabla bajeti haijapita barazani. Nendeni na idadi ya watoto na ya vyumba, kipimo cha serikali ni watoto 45 kwa chumba. Malalamiko matupu tunayasikia kila siku.

Mjumbe Mpya: Asanteni sana. Na wazazi wakikubali kuchanga ya madawati?

Chaki Nyeupe: Iwe hiari kweli, ipite mkutano wa wazazi, iwe na muhtasari na risiti. Mwalimu asishike hata shilingi, na mtoto asirudishwe nyumbani. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, na hata baada ya masharti kulegea walimu wengi bado wanaogopa. Wana haki.

Mzee wa Rejesta: Ila rejesta kwanza. Anza na darasa la kwanza, ndiko majina hupotea zaidi.