Tupeane uzoefu: misheni ya Acre imenishinda, wewe uliipitaje?

Wadau wa Nairobi na viunga vyake, hamjambo. Wiki ya tatu hii nimekwama kwenye misheni ya mwisho ya Sultani Saladin katika mchezo wa kompyuta wa Age of Empires II, ile ya kulinda mji wa Acre dhidi ya Richard, mfalme wa Uingereza. Masharti ni mafupi: jenga Ajabu (Wonder, lile jengo kubwa la ushindi) ndani ya mji, kisha uilinde hadi muda uishe. Bei yake ndiyo inayoniua: mbao 1,000, dhahabu 1,000, mawe 1,000. Nimeijenga mara nne na mara nne nimeitazama ikiporomoka. Jana nilipiga meza hadi mke wangu akatoka jikoni akiuliza nani amefunga bao. Na kinachochekesha, mji wenyewe ulianguka kweli Julai 1191, kwa hiyo ninatakiwa niokoe kitu ambacho Saladin mwenyewe hakukiokoa. Leteni mbinu. Kama yako ni misheni nyingine iliyokunyima usingizi, ilete pia.

Kobe wa Umoja
Pole ndugu. Mimi niliipitia saiba, River Road, enzi za shilingi moja kwa dakika. Ukishindwa hapo, umeshindwa na nauli ya kurudi nyumbani pia. Kosa langu lilikuwa kutuma watu machimboni nje ya kuta kutafuta mawe. Wanachinjwa, natuma wengine, wanachinjwa. Siku moja kijana wa kompyuta ya jirani akaniuliza, "Kwani wewe hujui Wasaraseni, watu wa Saladin, ni wafanyabiashara?" Sokoni Wasaraseni wanakatwa ada ya asilimia 5 tu, wakati mataifa mengine yanaanza na 30. Basi nikalima. Mashamba ndani ya kuta kila mahali, kama mtu aliyehamia Kitengela akaona ploti tupu. Nikauza chakula, nikanunua mawe. Usiuze mfululizo, bei inadondoka. Uza kidogo, subiri, geukia mbao. Mawe ya Ajabu yote niliyapata bila mtu kutoka langoni.

Mama Pacha, Rongai
Kobe amesema ukweli nusu. Mawe utayapata, lakini Ajabu itabomolewa na trebushe, mashine ya kurusha mawe, si na askari. Ile mashine inapiga kutoka mbali kuliko ngome yako inavyoweza kujibu, kwa hiyo ukikaa ndani unangoja kifo. Mimi niliweka ngamia kama kumi na tano nyuma ya lango, bila kazi nyingine yoyote. Trebushe ikishakunjuliwa ianze kupiga haiwezi kukimbia. Unafungua, ngamia wanatoka, wanaimaliza, wanarudi. Farasi wa Richard wakiwafuata ni faida, ngamia wameumbiwa kuua farasi. Wakikutana na wenye mikuki, rudi haraka, usijifanye shujaa.

Na ukuta uwe wa pili nyuma ya wa kwanza, ukiacha nafasi katikati. Wanakijiji wanne wakae hapo wakiziba tu. Mimi nilikuwa nacheza watoto wakishalala, saa nne usiku, sauti nimezima kabisa. Sasa usipoisikia ile honi ya kushambuliwa unajifunza kutazama ramani ndogo kila baada ya sekunde chache. Nadhani hiyo ndiyo iliyoniokoa kuliko ngamia.

Fundi Kayole
Si uandike ile siri (cheat) ya kuleta gari lenye bunduki? Dakika tano umemaliza, unaenda kula chapo.

Mama Pacha, Rongai
Fundi, toka hapa.

Mzee wa Luthuli
Yangu ni ya Joan wa Arc kwenye mchezo huohuo, misheni ya mji wa Orléans. Joan akifa umeshindwa, na mimi nilikuwa namtanguliza mbele kwa sababu ana nguvu. Alikufa mara sita. Kisha nikamfikisha mjini, nikamfungia ndani ya jengo, nikamsahau kabisa. Ngome ya Waingereza nikaiendea na magogo ya kubomolea: mishale haiyafanyi kitu cha maana, na ukipakia askari wa miguu ndani yanakwenda kasi na kugonga zaidi. Wenye upanga wa adui ndio dawa yake, kwa hiyo sindikiza. Nilikuwa nimebakisha ukuta mmoja wa ngome, stima ikapotea mtaa mzima. Sikuwa nimehifadhi mchezo. Nilikaa gizani dakika kumi nimeshika kipanya. Tangu siku hiyo nahifadhi kila nikijenga hata zizi.

Aliyeanzisha uzi
Nimerudi. Jumamosi nimejaribu soko la Kobe na ngamia wa Mama Pacha. Mawe nimeyapata, kweli, hata yakabaki. Trebushe tatu za kwanza ngamia wamezila. Ya nne ilikuja upande wa pili wa mji, na ngamia wangu wote walikuwa lango lile lingine, wanazunguka mji mzima kama matatu inayokwepa jam ya Thika Road. Walipofika Ajabu ilikuwa inawaka moto. Nikawatoa watu wote mashambani wakaikarabati hapohapo, na ngamia wakaifikia ile mashine. Imesimama. Muda bado haujaisha, nimehifadhi, nimezima. Mama Pacha, nigawe ngamia makundi mawili au nijenge zizi la pili la kutoa ngamia upande ule?

Mama Pacha, Rongai
Zizi la pili. Na uza chakula kwanza, usiguse dhahabu.