Selous Scouts: makomando kweli au matapeli wenye bunduki?

Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa yangu kijiweni stori ya jeshi ikianza tu lazima awataje Selous Scouts, kikosi maalum cha jeshi la Rhodesia (Zimbabwe ya leo, enzi za utawala wa walowezi wazungu), eti Afrika hii hakuna kikosi cha porini kilichowafikia. Mimi nabisha.

Sikatai walikuwa wagumu. Kikosi kilianza 1973 chini ya Ron Reid-Daly, na wengi wao walikuwa weusi sio wazungu kama watu wanavyodhani, wengine ni wapiganaji wa ukombozi wa ZANLA na ZIPRA (majeshi ya vyama vya ZANU na ZAPU) waliokamatwa wakageuzwa wakalipwa wakarudishwa porini kuwawinda wenzao. Ila kazi yenyewe sasa. Unaingia kijijini usiku umevaa kama mpiganaji, AK begani, unaomba sadza, yaani ugali. Mama wa watu anakupikia, anakuambia wenzako wamepita wapi, kesho yake helikopta zinashusha askari. Na wale wapiganaji wa kweli wakisikia kalisha wale feki wanamwita msaliti, naye anauawa. Huo ukomando uko wapi hapo, si umemtapeli mama aliyekupa chakula?

Nenda Nyadzonya kule Msumbiji, 9 Agosti 1976. Waliingia kambini na magari yamepakwa rangi za Frelimo, chama kilichokuwa kikitawala Msumbiji, na sare za Frelimo juu, watu wakakusanyika uwanjani wakijua ni wenyeji wao, wakamiminiwa risasi. Zaidi ya watu 1,000 walikufa. Rhodesia wakasema ni kambi ya magaidi, Umoja wa Mataifa wakasema ni wakimbizi. Haya tuseme kulikuwa na vijana wanaosubiri mafunzo, ndio uwapige hawana hata silaha mkononi?

Mtaniambia vita ni vita na mchezo huo Waingereza walishaucheza Kenya dhidi ya Mau Mau. Kweli walicheza, na kule pia aliyeumia ni mwanakijiji.

Halafu hilo jina. Selous ni yule mwindaji aliyewaongoza watu wa Cecil Rhodes, yule bepari mkoloni wa Kiingereza, kuingia Mashonaland (sehemu ya Zimbabwe ya leo) 1890, akaja kufia kwetu Beho Beho Januari 1917 akipigana na Wajerumani, kaburi lake liko huko huko. Pori la akiba la huko nalo likapewa jina lake. 2019 tukalimega tukapata Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, safi sana, ila pori lililobaki bado tunaliita Selous, sisi tuliowapa ZANLA kambi pale Mgagao, Iringa!

Jamaa anasema pori lilipewa jina miaka mingi kabla ya kikosi, kwa hiyo halina kosa. Hapo kidogo kanibana, ila bado nataka libadilishwe. Anayetaka libaki aje na hoja, matusi hapana.