Naomba ushauri: mama ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, mawese aache kabisa?

Habari za humu ndugu zangu. Mama yangu yuko Ujiji, umri umepita 50, mnene kiasi. Akila migebuka ya kukaanga kwa mawese, usiku maumivu yanamshika chini ya mbavu za kulia mpaka begani. Tulidhani ni vidonda vya tumbo, akapewa dawa, wapi! Utrasaundi ikaonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Ini lenyewe halina shida. Daktari kasema akipata homa au macho ya njano tumkimbize hospitali. Upasuaji ulitajwa, mama hataki hata kuusikia.

Sasa tunampikia samaki wa kuchemsha, maharage na mchicha, na maumivu yamepungua. Ila kwa woga anaruka milo, anashindia chai ya rangi, na anakonda haraka, wakati nimesoma kwamba kukonda ghafla nako huleta mawe. (Jirani kaleta mafuta ya zeituni na ndimu, ati yanayatoa. Nimeyaficha.)

Wenye uzoefu: kijiko kimoja cha mawese kwenye sufuria ya familia kinavumilika? Na mliofanyiwa upasuaji, baadaye mlikula vipi?