Wauza kempavani za mkononi hapa Tanga: mnatuuzia godoro na mapazia, kutu na nyaya mmezifukia chini

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na nitauandika hivyo hivyo. Nauelekeza kwa watu binafsi wanaouza Hiace, Super Custom na Land Cruiser zilizogeuzwa magari ya kulala hapa Tanga, na kwa madalali wanaowasemea. Tangazo ni lile lile kila wiki: picha kumi za godoro, mapazia, vitaa vya rangi na jiko dogo, halafu picha moja ya gari kwa nje likiwa limetoka kuoshwa. Chini yake: "lilikuwa la mzungu, halidaiwi, ni kuweka mafuta na kuondoka". Picha ya chini ya gari hakuna. Picha ya betri hakuna. Namba ya chesisi hakuna. Ukiomba, unajibiwa kwamba kama huna hela usisumbue watu.

Gari la kulala lina sifa moja inayompendeza sana muuzaji asiye mwaminifu: kila kinachooza kimefunikwa na kitu kizuri. Sakafu imewekewa plaiwudi, juu yake kapeti. Mbavuni kuna mbao. Betri iko uvunguni mwa kitanda, nyaya zimepita nyuma ya kabati. Mnunuzi anakagua samani, analipa bei ya gari. Na humo wanalala watu, wengine na watoto. Ndiyo maana hili si suala la "mnunuzi awe macho" tu.

Nianze na kutu, maana ndiyo inayofichwa kuliko vyote. Upepo wa bahari hapa una chumvi mwaka mzima. Ongeza kwamba magari mengine yametoka Japani ya kaskazini, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, kwa hiyo yameshuka bandarini tayari yameanza kuliwa. Halafu fundi analaza plaiwudi moja kwa moja juu ya bati la sakafu, bila kupaka rangi ya kuzuia kutu, bila kuacha nafasi ya hewa. Bati hilo lina mifereji. Maji ya sinki, ya nguo mbichi za ufukweni, na hata pumzi za watu wawili usiku kucha zinazogeuka matone kwenye bati baridi, yote yanaishia kwenye mifereji hiyo na hayana pa kutokea. Kama lilikuwa daladala ni balaa zaidi: viti vimeng'olewa, matundu ya bolti yameachwa wazi, na kila mvua tairi linarusha maji mpaka ndani. Bati linaoza kutoka juu kwenda chini, na kule chini limepakwa lami nyeusi juzi. Lami mpya inayong'aa chini ya gari la miaka 20 si matunzo. Ni kifuniko.

Nenda na bisibisi, sumaku ndogo na tochi. Mwambie muuzaji afungue angalau kipande kimoja cha plaiwudi, hasa nyuma ya kiti cha dereva na juu ya matao ya matairi ya nyuma. Akikataa kwa sababu "utaharibu kapeti", ondoka. Lala chini uangalie zinapofungwa springi za nyuma, reli za chini pande zote mbili, na kingo za ngazi ya mlango wa kusukuma. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima linalia kwa sauti kali, lililooza linatoa sauti ya bubu na vumbi la kahawia linadondoka. Sumaku ipitishe kwenye matao ya matairi, chini ya kioo cha mbele na kwenye mfereji wa paa. Ikianguka, hapo kuna puti ya kuzibia matundu na si chuma.

Paa la kuinuka nalo. Hiace haina fremu nzito ya kutegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba, na zile mbavu za paa ni sehemu ya nguvu yake. Fundi akikata tundu la mita mbili kwa grainda bila kuzungushia fremu ya chuma kwenye ukingo, gari linaanza kujinyonga. Dalili zake hazihitaji kipimo: mlango wa kusukuma unakwama gari likiwa kwenye shimo au tairi moja juu ya ukingo wa barabara, rangi inapasuka juu ya nguzo za milango, kioo cha mbele kinapata ufa unaoanzia pembeni. Uliza pia ukingo umezibwa kwa nini. Silikoni ya bafuni haidumu kwenye bati linalotikisika na kuchomwa na jua. Inabanduka, maji yanaingia, na ukitaka kuziba upya hakuna kinachoshika juu ya mabaki yake mpaka yakwanguliwe yote.

Injini kwa ufupi, kwa sababu hapa mafundi ni wengi. Usikubali kukuta imeshawashwa. Fika nusu saa kabla ya muda mliopatana, shika boneti na mipaipu ya rejeta. Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, hivyo inua kiti. Kama ni 1KZ-TE, ile ya turbo ya Super Custom, silinda hedi yake ni ya aluminiamu na inajulikana kwa kupasuka ikichemsha. Ikiwa baridi fungua mfuniko wa rejeta, washa, uangalie: mapovu yasiyoisha, au ukiufunga mfuniko paipu ya juu kuwa ngumu ndani ya dakika moja, ni mgandamizo unaopenya kwenye maji. Mkanda wa taimingi wa injini hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Muuzaji asiyejua ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa na upunguze bei. Halafu mliendeshe kweli. Mzunguko wa Raskazone na kurudi hauonyeshi chochote, barabara ni tambarare na upepo wa bahari unapoza. Nendeni Muheza na kurudi, AC ikiwa imewashwa, tanki la maji likiwa limejaa. Kama safari zako ni za Lushoto, ule mlima wa kutoka Mombo ndio utakaolifunua.

Sasa umeme, na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Matangazo yanasema "lina sola na inveta ya wati 1000". Fungua uone. Betri ni N70 ya kuwashia injini, ambayo haikutengenezwa kuishiwa na kujazwa kila siku. Ukitaka idumu hutakiwi kutumia zaidi ya nusu yake, kama ampea-saa 35. Friji ya kompresa ya volti 12 inavuta karibu ampea 4 ikifanya kazi, na kwa joto la Tanga inafanya kazi nusu ya siku au zaidi. Hiyo ni kama ampea-saa 48 kwa siku. Paneli moja ya wati 100 inatoa ampea 5 hivi jua likiwa utosini, na siku nzima hairudishi hata hizo 48. Kwa hiyo friji inayoonekana baridi siku ya mauzo huenda imepozwa kwa umeme wa nyumbani.

Hasara hiyo mtu anaweza kuivumilia. Moto hauvumiliki. Inveta ya wati 1000 kwenye volti 12 inavuta zaidi ya ampea 83 ikibeba mzigo wake wote. Inahitaji waya wa milimita za mraba 25 mpaka 35, mfupi iwezekanavyo, na fyuzi karibu kabisa na nguzo chanya ya betri. Mnachofunga ni waya wa nyumba wa 2.5, mita tatu, hauna fyuzi, umepita katikati ya mbao na sponji. Fyuzi ingekatika kabla waya haujawaka. Bila fyuzi, waya wenyewe ndio unaokatika, na unakatikia ndani ya godoro. Kabla ya kulipa fuata waya kwa macho kutoka betri mpaka inveta, wote. Betri ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kuchaji, multimita isome 12.6 au zaidi, 12.2 ni nusu, 11.8 imekwisha. Washa injini: betri ya pili, ile ya chumbani, ipande kuelekea 14. Isipopanda, haijaunganishwa na altaneta, hata kama kuna kiswichi kizuri chenye taa.

Gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatua sakafuni, palepale mnapolala. Kabati la mtungi lazima liwe na tundu chini kabisa linalotoka nje ya gari, na lisiwe na mwanya wa kuingia chumbani. Mtungi wa kilo 6 uliofungwa kwa kamba ya katani pembeni ya mto wa kulalia si jiko, ni hatari. Paka povu la sabuni kwenye regyuleta na kila kiungo cha mpira, fungua mtungi jiko likiwa limezimwa, tazama. Pima na mpira wenyewe: ukiukunja ukaona nyufa ndogo, utupwe.

Matairi: soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya ubavuni mwa tairi: ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Hiace inataka tairi la mzigo, mfano 195/80R15 lenye namba ya uwezo wa mzigo 107/105. Wauzaji wanaweka ya gari dogo kwa sababu yanang'aa na ni rahisi. Lita 80 za maji ni kilo 80, kitanda cha mninga, betri, mtungi, watu: tairi la gari dogo litapasukia barabara ya Segera.

NYONGEZA: Kuna waliouliza kuhusu karatasi. Omba kadi halisi, si picha ya simu. "Kadi iko kwa wakili" mara nyingi maana yake imewekwa rehani ya mkopo. Linganisha namba ya chesisi na ya injini iliyoko kwenye gari na iliyoandikwa kwenye kadi, kwa macho yako, namba kwa namba. Injini ikiwa imebadilishwa na kadi haijabadilishwa, mzigo huo unahamia kwako TRA. Angalia idadi ya abiria pia: kadi inasema 14, ndani kuna viti viwili na kitanda, bima watapata pa kukukatalia siku ya ajali. Faini za trafiki zinaonekana kwenye mfumo wa polisi mtandaoni kwa namba ya gari. Kwa kawaida kosa moja ni 30,000, na yapo magari yanayouzwa na rundo la faini. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, TIN za wote wawili ziwepo, na pesa ziende kwenye akaunti yenye jina lile lile la kwenye kadi. Zisipite kwa dalali hata shilingi. Umiliki uhamishwe TRA mkiwa pamoja, wiki hiyo hiyo.

NYONGEZA 2: Mkuu aliyeuliza kuhusu gari lenye namba za nje lililopita mpaka wa Horohoro kutoka Kenya: usilinunue lilivyo. Limeingia kwa kibali cha muda cha mgeni, ushuru haujalipwa, na mgeni huyo hana ruhusa ya kuliuza hapa kabla halijalipiwa forodha. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT asilimia 18, na juu yake ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini na umri. Likizidi miaka 8 unaongezeka. Bei "poa" anayokupa ni bei ya gari ambalo nusu ya gharama yake bado hujaiona. Kuna wanaoshauri kulivusha Lunga Lunga, upande wa Kenya, na kulirudisha kila kibali kikiisha: usiwafuate, forodha wakilikamata wanalishikilia, na huyo mgeni atakuwa ameshapanda ndege. Kama anauza kweli, mfuate ofisi ya forodha Tanga, lifanyiwe tathmini likiwa bado mikononi mwake, mkubaliane nani analipa nini kwa maandishi, ndipo utoe pesa.